Marejeleo 608 ya barua yenye sentensi tano

Januari 1980, New England Journal of Medicine lilichapisha barua kwa mhariri yenye sentensi tano. Watafiti wawili wa Boston walieleza kwamba wamepitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini, wakakuta 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Katika wale ambao hawakuwa na historia ya uraibu, ni wanne tu ambao uraibu wao mpya uliandikwa bayana. Ikaishia hapo. Haikuwa na jedwali, wala maelezo ya jinsi wagonjwa walivyofuatiliwa baada ya kutoka wodini, wala neno lolote kuhusu mtu anayeandikiwa vidonge akameze nyumbani miezi na miezi.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Walizikusanya makala zilizoirejelea barua ile tangu ilipotoka, wakazisoma. Zilikuwa 608. Katika 439 kati ya hizo, yaani asilimia 72.2, barua ilitajwa kuwa ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wanaotibiwa kwa dawa hizo. Katika 491, mwandishi hakumwambia msomaji wake kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa hospitalini wakati wanapewa dawa. Barua nyingine za namna ile, zilizotoka katika jarida hilo hilo wakati huo huo, zilikuwa zimerejelewa kama mara 11 tu. Watafiti hao walihitimisha kwamba urejeleaji wa aina hii ulichangia janga la dawa za afyuni Amerika Kaskazini, kwa sababu uliwaondolea madaktari hofu waliyopaswa kuwa nayo.

Sasa ichukue barua hiyo uipime kwa vipimo tunavyotumia kila siku. Imetoka kwenye jarida la hadhi ya juu kabisa duniani. Imerejelewa mara mia sita na zaidi. Imebadilisha namna watu wanavyofanya kazi. Kwa safu zote tatu za fomu ya tathmini, ni kazi yenye athari kubwa. Na kweli ilikuwa na athari.

Nimeanza na barua hii kwa sababu nimechoka kusikia mjadala wa kupima majarida na watafiti ukiendeshwa kana kwamba ni suala la kutafuta fomula iliyo bora kuliko iliyopo. Kila baada ya miaka michache kinakuja kipimo kipya, na kila kipya kinatatua kasoro moja ya kilichotangulia. Ila vyote vinaanzia mahali pamoja: rejeleo ni rejeleo, lihesabu, songa mbele. Kwa vipimo hivyo, makala iliyoirejelea barua ile bila kuisoma na makala iliyoirejelea ili kuionya dunia zina uzito ule ule. Kila moja ni moja.

Haikuwa hivyo mwanzoni, na hapa historia ina jambo la kutufundisha. Mwaka 1873 mtu mmoja aitwaye Frank Shepard, huko Illinois, alianza kuwauzia mawakili faharasa ya hukumu. Wakili anayetaka kuitegemea hukumu ya zamani anahitaji kujua kama bado inasimama. Faharasa ya Shepard ilimwonyesha kesi zote za baadaye zilizoitaja hukumu ile, na pembeni iliweka alama za herufi: hapa imefuatwa, hapa imetofautishwa, hapa imetenguliwa. Wakili aliyetazama idadi tu bila kutazama herufi angeingia mahakamani na hukumu iliyokwisha kufa.

Eugene Garfield, mkutubi na mtaalamu wa kemia wa Marekani, aliipenda faharasa hiyo. Mwaka 1955 aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa kama hiyo kwa ajili ya sayansi. Sababu aliyoitanguliza inastahili kusomwa upya leo: alitaka kukomesha tabia ya kurejelea, bila kuhoji, data za uongo, zenye upungufu au zilizopitwa na wakati, kwa kumwezesha msomi makini kuona ukosoaji uliotolewa dhidi ya makala za awali. Hilo ndilo tatizo la barua ya 1980, limeelezwa robo karne kabla barua haijaandikwa. Chombo cha kulizuia kilikuwa kimeshabuniwa. Kwa nini basi hakikuzuia?

Kwa sababu kilipojengwa, herufi za Shepard hazikuingia. Science Citation Index ilipotoka mwaka 1964 kutoka taasisi ya Garfield iliyokuwa Philadelphia, ilionyesha nani kamrejelea nani, bila kuonyesha kwa nia gani. Naelewa kwa nini. Kusoma kila rejeleo na kulipatia alama ni kazi ya wataalamu wengi sana, na mashine za wakati ule ziliweza kupanga na kuhesabu tu. Lakini mara chombo kilipoweza kuhesabu, kuhesabu kukawa ndiyo kazi yake. Ramani ya kufuatia mawazo ikageuka mizani ya kupimia watu.

Mizani yenyewe nayo ilizaliwa maktabani, kwa nia njema. Mwaka 1927 wanakemia wawili wa chuo cha Pomona huko California, waliojulikana kwa jina la ukoo Gross, walikuwa wanataka kujua chuo kidogo chenye fedha kidogo kinunue majarida gani. Walichukua juzuu moja la jarida kuu la kemia la Marekani, wakahesabu majarida yaliyorejelewa humo, na yaliyoongoza wakayapendekeza yanunuliwe. Ni hesabu ya busara kwa swali la namna hiyo: rafu ni fupi, tununue nini? Garfield na mwenzake Irving Sher walipokuwa wanachagua majarida ya kuingiza katika faharasa yao walikuwa na swali la aina hiyo hiyo, na hawakutaka majarida makubwa yenye makala nyingi yashinde kwa wingi tu. Wakagawanya marejeleo kwa idadi ya makala. Hicho ndicho kipimo cha athari cha jarida, ambacho tangu katikati ya miaka ya 1970 hutolewa kila mwaka katika ripoti iitwayo Journal Citation Reports. Leo mmiliki wa ripoti hiyo ni kampuni ya Clarivate.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukitaka kipimo cha mwaka 2024, unachukua marejeleo yaliyofanywa mwaka 2024 kwa vitu vilivyochapishwa na jarida hilo mwaka 2022 na 2023, unagawanya kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio zilizochapishwa katika miaka hiyo miwili. Ni wastani. Na kila aliyesoma takwimu japo muhula mmoja anajua wastani unavyodanganya pale vitu vichache vinapokuwa vikubwa mno kuliko vingine.

Tufanye hesabu moja ya mfano. Jarida limechapisha makala 100 katika miaka miwili. Moja imerejelewa mara 300. Tisa zimerejelewa mara 20 kila moja. Arobaini zimerejelewa mara mbili mbili. Hamsini hazijarejelewa na mtu. Jumla ni 560, na kipimo cha athari ni 5.6. Mwandishi wa mojawapo ya zile hamsini anaandika kwenye wasifu wake kwamba kachapisha katika jarida lenye kipimo cha 5.6, na hajasema uongo. Lakini makala 90 kati ya 100 ziko chini ya namba hiyo, na yake haina hata rejeleo moja. Anachojivunia ni kazi ya mtu mwingine aliyekaa naye basi moja.

Mfano wangu haujatiwa chumvi nyingi. Per Seglen, mtafiti wa Norway, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba asilimia 15 ya makala zinazorejelewa zaidi hubeba nusu ya marejeleo yote ya majarida aliyoyachunguza. Mwaka 2005 wahariri wa Nature wenyewe walikiri kwamba asilimia 89 ya marejeleo yaliyolipatia jarida lao kipimo cha mwaka 2004 yalitokana na asilimia 25 tu ya makala zao. Ni jarida lililokuwa na kila sababu ya kunyamaza, nami nawaheshimu kwa kulisema.

Na kuna kisa ambacho ningependa kila kamati ya tathmini ikijue kwa kichwa. Mwaka 2008 George Sheldrick, mtaalamu wa fuwele, alichapisha katika Acta Crystallographica Section A historia fupi ya programu zake za SHELX, ambazo wanasayansi wengi wanazitumia kupata maumbo ya molekuli. Katika ikisiri alisema kwamba makala hiyo inaweza kutumika kuwa rejeleo la jumla kwa anayezitumia programu hizo. Watu wakatii. Ikapata marejeleo zaidi ya 6,600, wakati makala iliyoifuatia kwa kurejelewa katika jarida hilo mwaka huo ilipata 28. Kipimo cha athari cha jarida kikaruka kutoka 2.051 mwaka 2008 hadi 49.926 mwaka 2009. Kwa ghafla likayapita majarida ambayo watu huota kuchapisha humo. Dirisha la miaka miwili lilipofungwa, likarudi lilikotoka. Wahariri hawakubadilika, wahakiki hawakubadilika, makala nyingine hazikuwa bora kuliko za mwaka uliotangulia. Aliyechapisha humo mwaka 2009 na aliyechapisha mwaka 2007 walipita mlango ule ule. Mmoja tu ndiye aliyetoka na namba ya kutisha.

Hata kile kinachogawanywa na kinachogawanya si kitu kimoja. Juu ya mstari huhesabiwa marejeleo ya kila kitu jarida lilichochapisha, zikiwemo tahariri, barua na maoni. Chini ya mstari huhesabiwa makala za utafiti na mapitio peke yake. Kwa hiyo barua kama ile ya 1980 huongeza juu bila kuongeza chini. Na nani anaamua kipi ni makala na kipi si makala? Mwaka 2006 wahariri wa PLoS Medicine walieleza hadharani mazungumzo yao na kampuni iliyokuwa ikitoa kipimo wakati huo. Kulingana na aina za makala zitakazohesabiwa chini ya mstari, jarida lao lingeweza kupata chini ya 3 au kufikia 11. Jarida moja, makala zile zile. Kisha namba itakayotoka ilikuwa ichapishwe kwa desimali tatu, kana kwamba ni uzito wa dhahabu. Desimali hizo zilipunguzwa hadi moja mwaka 2023, na hatua hiyo naiunga mkono, ingawa ilikuja imechelewa sana.

Kuhusu tofauti za fani sitasema mengi, maana jambo lenyewe halina ubishi. Mwanahisabati huorodhesha marejeo machache na huchukua muda mrefu. Mwanabiolojia wa seli huorodhesha mengi na huenda haraka. Kuweka majarida yao kwenye jedwali moja ni kulinganisha kasi ya kobe na ya swala kisha kumkaripia kobe. Vipo vipimo vinavyojaribu kurekebisha hilo kwa kulinganisha kila makala na wenzake wa fani moja, na vinafanya vizuri kuliko wastani mtupu.

Muda unahitaji neno zaidi. Miaka miwili ni dirisha dogo mno kwa wazo geni. Gregor Mendel alichapisha majaribio yake ya njegere, kuhusu urithi wa sifa, mwaka 1866, na kazi hiyo ikalala karibu bila kuguswa hadi mwaka 1900, ilipogunduliwa upya. Utaniambia hiyo ni karne ya 19, majarida yalikuwa hayasafiri. Haya, njoo karibu. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha katika jarida la Immunity kazi iliyoonyesha namna ya kuibadilisha mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, ili mwili usiishambulie. Haikushangiliwa sana ilipotoka, na Karikó kwa miaka mingi alihangaika kupata fedha za utafiti. Nobeli ikawajia mwaka 2023, baada ya chanjo za UVIKO-19 kujengwa juu ya wazo hilo. Mpimaji wa mwaka 2007 angesema nini juu yake?

Upande wa pili wa shilingi ni makala zinazorejelewa sana bila kuwa wazo kubwa. Makala inayotajwa kuwa imerejelewa kuliko zote katika sayansi, zaidi ya mara 300,000, ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, kuhusu njia ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika. Ni njia nzuri, na maabara nyingi ziliitumia kila siku. Lowry mwenyewe alikuwa akisema kwamba si kazi yake kubwa. Ninaipenda makala hiyo kama mfano kwa sababu inaonyesha marejeleo yanapima nini kwa uaminifu: matumizi. Kitu kimetumika. Hiyo ni habari ya maana, sitaki kuidharau. Ubaya unakuja pale matumizi yanapopewa jina la ubora, na ubora wa jarida ukahamishiwa kwa mtu.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Kila mwombaji alikuwa na faili, na mbele ya faili kuna jedwali lenye safu ya jina la jarida, safu ya kipimo cha athari na safu ya idadi ya marejeleo. Nyuma ya jedwali zilikuwa makala zenyewe, zimebanwa pini kwenye kona. Tulijadili muda mrefu, kwa heshima na kwa umakini, na namba zilisomwa kwa sauti zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa kikao nilipokuwa nayarudisha mafaili mezani nikaona kwamba kurasa za makala bado zilikuwa zimeshikana kama zilivyotoka kwenye mashine ya kurudufu. Hakuna aliyezifunua. Nami sikuzifunua. Mwombaji mmoja hakupandishwa siku ile kwa sababu majarida yake yalikuwa "ya chini". Nilikwenda kuzisoma makala zake baadaye, na mbili kati yake zilikuwa kazi safi, za mtu anayejua swali lake na asiyejificha nyuma ya maneno. Hilo limekaa nami.

Watu si wajinga. Ukiwaambia wazi kwamba watapimwa kwa namba, wataitafuta namba. Mwaka 2012 watafiti Wilhite na Fong walichapisha katika Science uchunguzi uliowauliza wasomi wa uchumi, sosholojia, saikolojia na biashara, majibu 6,672, na takriban mmoja kati ya watano alisema kwamba mhariri aliwahi kumsukuma aongeze marejeleo ya jarida husika bila kuonyesha makala imepungukiwa na nini. Mwaka huo huo ilifichuliwa makala ya mapitio ya 2010 yenye marejeo 490, ambayo 445 kati yake yalikwenda kwa jarida moja tu, yote kwa makala za 2008 na 2009, yaani ndani ya dirisha lile lile la miaka miwili. Watatu kati ya waandishi wake wanne walikuwa kwenye bodi ya wahariri ya jarida lililorejelewa. Mwaka 2013 majarida manne ya Brazili yaliondolewa kwenye orodha ya vipimo kwa kurejeleana kwa mpango. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Ila hapa hata kizuri kimelazimishwa kujitembeza, kwa sababu mhariri mwaminifu ambaye jarida lake halina namba hapati makala nzuri, na asipopata makala nzuri hatapata namba.

Kuna waliojaribu kuuonyesha upuuzi huu kwa vitendo. Mwaka 2007 jarida dogo la sauti na matamshi, Folia Phoniatrica et Logopaedica, lilichapisha tahariri iliyorejelea makala zake zote za 2005 na 2006, ikisema waziwazi kwamba ni maandamano dhidi ya jinsi kipimo kinavyotumiwa. Kipimo chake kikapanda kutoka 0.66 hadi 1.44. Kisha likaondolewa kwenye ripoti kwa miaka miwili. Wahariri wale walikuwa wamejiadhibu ili wengine waone, na nadhani hawakupewa shukrani wanazostahili.

Kwa watafiti mmoja mmoja kuna kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imerejelewa walau mara 20, h yako ni 20. Kina nafuu moja, kwamba kinatazama kazi zako mwenyewe, si za jirani zako jaridani. Lakini hakishuki kamwe, kinampenda mzee kuliko kijana, na hakijali kama makala ina mwandishi mmoja au mia tatu.

Mageuzi yapo. Azimio la San Francisco, maarufu kwa kifupi cha DORA, liliandaliwa Desemba 2012 na kutangazwa 2013, likitaka kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti wala makala yake. Mwaka 2015 ikaja Ilani ya Leiden yenye kanuni kumi za kutumia vipimo vya utafiti. Mwaka 2020 China ilitoa maelekezo ya kupunguza utegemezi wa idadi ya makala zilizomo katika faharasa na kukataza zawadi za fedha kwa kila makala, baada ya miaka ambayo makala moja katika Nature au Science ilimletea mwandishi wake wa kwanza makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 2022 taasisi nyingi, hasa za Ulaya, zikaungana katika makubaliano ya CoARA ya kurekebisha tathmini ya utafiti. Ninaziunga mkono hatua hizi. Wasiwasi wangu ni kwamba taasisi inaweza kutia saini azimio asubuhi na jioni ikaendelea kutumia jedwali lile lile, kwa sababu azimio linakataza namba bila kumpa mjumbe wa kamati muda wa kusoma.

Na hoja ya muda ndiyo hoja pekee ya upande wa pili ninayoiona nzito. Waombaji ni wengi, wajumbe ni wachache, kila mwombaji ana makala 30, nani atazisoma? Jibu langu ni kwamba usiombe 30. Omba tatu, mwombaji azichague mwenyewe, na kwa kila moja aandike ukurasa mmoja kuhusu swali alilouliza, alichopata, na nani amekitumia au kukipinga. Makala tatu zinasomeka mchana mmoja. Hatumpi mtu kesi mahakamani tukamhukumu kwa jina la mtaa anaotoka. Hatupaswi kumpa mtu cheo, au kumnyima, kwa jina la jarida. Kama fani si yako, mwite aliye katika fani. Kama hakuna muda wa kusoma makala tatu za mtu anayetaka kupandishwa, basi hakuna muda wa kumpandisha wala kumkatalia.

Kuna hoja nyingine, kwamba namba ni haki: bila namba, wakubwa watapeana vyeo kwa kujuana. Naiheshimu, maana nimeona kujuana. Ila tazama namba inakotoka. Hifadhidata kubwa zinazohesabu marejeleo zimeegemea Kiingereza. Kazi nzuri iliyoandikwa kwa lugha nyingine, ikasomwa na kutumiwa na wanaohitaji kuitumia, ikarejelewa katika majarida ambayo hayamo katika hifadhidata hizo, inaonekana haijarejelewa na mtu. Sifuri ya namna hiyo haisemi kazi haikusomwa. Inasema mhesabuji hakuwepo. Haki gani hiyo? Afadhali sababu zilizoandikwa na wasomaji waliotaja majina yao, ambazo mwombaji anaweza kuzisoma na kuzikatia rufaa, kuliko desimali ambayo hakuna anayeiwajibikia.

Hayo ya watu. Kwa majarida na kwa utafiti wenyewe, ningependa turudi kwenye ndoto ya Garfield ya 1955. Sasa zipo programu zinazosoma sentensi iliyozunguka kila rejeleo na kujaribu kusema kama linaunga mkono, linapinga au linataja tu. Bado zinakosea, na marejeleo mengi zinayaweka kwenye fungu la kutaja tu, jambo ambalo lenyewe linafundisha. Lakini angalau zinauliza swali la Shepard. Mtafiti kijana anayefungua makala na kuona kwamba imerejelewa mara 608 anahitaji kujua wangapi kati ya hao waliifungua kweli. Mhariri anayepokea makala yenye marejeo 60 angeweza kuchagua matano yanayobeba hoja kuu na kumtaka mhakiki ayasome. Ni kazi, lakini ni kazi ambayo ingeidaka barua ya 1980 mapema, pengine pale iliporejelewa mara ya ishirini au ya thelathini, wakati mtu mmoja tu angetosha kusema: ngoja, hawa walikuwa wamelazwa.

Baada ya uchunguzi wa 2017, wahariri wa New England Journal of Medicine waliweka juu ya barua ile, katika toleo la mtandaoni, maelezo ya kumtahadharisha msomaji kwamba imerejelewa sana na bila kuhojiwa. Maneno hayo yanakaribia mno yale ambayo Garfield aliyatumia mwaka 1955 kueleza ugonjwa aliotaka kuuponya. Tangu hapo barua imepata kazi mpya. Wanaoandika kuhusu janga la afyuni, kuhusu maadili ya utafiti, kuhusu urejeleaji mbovu, huitaja kama mfano wa kosa, na kwa sababu wao ni waandishi makini, huiweka kwenye orodha yao ya marejeo. Hifadhidata inaliokota kila onyo kati ya hayo na kuliongeza juu ya yale 608, moja moja, kama yote yaliyotangulia.